Mrashi wa Fundi Mabrouk

KITUO CHA POLISI, UNGUJA MJINI
MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Gari la serikali lililozima katika njia ya Matemwe, na kuchukuliwa kwa Mabrouk Hasan, fundi wa magari
Jina la shahidi: Msabah Khatibu Mjaka
Umri: Miaka 67
Kazi: Mwalimu wa sarufi, nimestaafu, nasomesha Kurani nyumbani
Makazi: Jang'ombe
Tarehe: Ijumaa, 14 Machi, 1969, saa tatu asubuhi
Mwandishi: Sajini Mcha Mkadam

Nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Sikuitwa na mtu. Nimemwomba Sajini ayaandike maneno yangu bila ya kuyapunguza wala kuyaremba, naye amekubali.

Mabrouk Hasan ni jirani yangu. Uwanja anaofanyia kazi unatazamana na baraza yangu, na kati yetu ni upana wa njia tu. Alipokuwa mtoto nilimfundisha kusoma. Jana alasiri alichukuliwa na watu wawili wasiovaa sare. Anatuhumiwa kuwa alitia dawa katika injini ya gari la serikali ili lizime njiani. Mkewe, Bi Mwanakheir, hajui alikopelekwa. Mimi pia sijui. Yaliyotendeka katika gari lile nayajua, kwa sababu nilikuwapo.

Mnamo tarehe 11 Machi, siku ya Jumanne, kiasi cha saa mbili asubuhi, dereva aitwaye Usi Kificho alileta gari dogo la rangi ya kijivu. Lilikuwa gari la mkubwa mmoja ambaye jina lake sikuambiwa wala sikuliuliza. Hata lilipokuwa limesimama, gari lilitetemeka kama mgonjwa wa homa ya baridi. Usi alinipa shikamoo, nikamwitikia. Kisha akamwambia Mabrouk, "Fundi, gari hili limechoka. Nkikanyaga mafuta haliendi. Na kesho Mkubwa anakwenda Matemwe."

Fundi aliiacha injini ikizunguka, akawa anachomoa waya wa plagi mmoja mmoja na kuurudisha. Alipochomoa wa kwanza, mtetemo ulizidi. Wa pili ukawa vivyo hivyo. Alipochomoa wa tatu, hapakubadilika kitu. Akanipigia kelele kutoka ng'ambo ya njia, "Mwalimu! Silinda ziko nne, wanaofanya kazi watatu. Huyu wa tatu yumo darasani, akiitwa jina haitikii naam." Nilicheka. Usi akamuuliza, "Fundi, wewe unatengeneza gari au unapunga pepo?" Naye akacheka.

Fundi alitia plagi nyingine katika silinda ya tatu, nayo haikusaidia. Akazima injini, akazitoa plagi zote, kisha akawa anairudisha moja tu kwa wakati na kuizungusha injini kwa hendeli, yaani kile chuma kilichopinda kinachoingizwa mbele ya gari. Alikuwa akipima kwa mkono uzito wa kila silinda. Tatu zilimkatalia mkono. Ile ya tatu ilizunguka bila ya kumzuia. Akasema kwamba pumzi inavuja, ama kwenye ringi zinazoizunguka pistoni, ama kwenye valvu zinazofungua na kufunga silinda. Ili kujua ni wapi, humiminwa mafuta kidogo ya injini juu ya pistoni. Ikiwa kosa ni la ringi, mafuta huziba upenyo na mkono huona uzito. Ikiwa kosa ni la valvu, uzito hauongezeki.

Mafuta hayo huyaweka katika mrashi wa mkewe. Ni mrashi ule ule uliotumika kuwanyunyizia wageni marashi siku ya harusi yao. Kichwa chake cha matundu kimekatika, na shingo yake nyembamba huingia barabara katika tundu la plagi. Wakati ule Mabrouk alikuwa mbele ya gari, ameishikilia hendeli kwa mikono miwili ili pistoni isiondoke mahali pake. Akaniambia, "Mwalimu, nisaidie. Mimina kidogo tundu la tatu."

Niliuchukua mrashi, nikamimina mpaka aliposema, "Basi, basi, yatosha."

Hapo Usi akasema kwa sauti ya kusikika mtaani, "Ala! Mwalimu analinywesha gari kombe!" Watu wa barazani walicheka sana. Namweleza Sajini sababu ya kicheko hicho. Mimi huwaandikia wagonjwa kombe; huandika aya kwa zafarani ndani ya sahani, nikaziosha kwa marashi, mgonjwa akanywa. Jang'ombe nzima inalijua jambo hilo. Ulikuwa mzaha, na hakuna aliyeudhika.

Fundi aliirudisha plagi ya tatu, akazungusha tena hendeli, na uzito haukuongezeka. Akamwambia Usi, "Ni valvu. Lazima nifungue injini. Niachie siku mbili."

"Siku mbili? Nshaambiwa kesho asubuhi."

"Mjini litakwenda. Shamba halifiki. Mwambie."

Usi akamjibu, "Mwambie wewe."

Hakuna aliyekwenda kumwambia. Plagi zilirudishwa na gari likawashwa. Mafuta yale niliyoyamimina yalianza kuungua, na moshi wa samawati ukajaa njia nzima. Kina mama walifunga madirisha. Fundi alisema kwamba moshi huo si ubaya, utakwisha wenyewe. Usi aliondoka na gari ndani ya moshi, na kila mtu aliyekuwapo alimwona.

Siku ya pili, Jumatano, baada ya sala ya alasiri, gari lilirudishwa likivutwa na lori. Lilikuwa limechemsha maji na kuzima mbele ya Kinyasini. Mkubwa alifika Matemwe juu ya lori la makuti, akiwa amechelewa, na watu waliokusanyika kumpokea walimwona akishuka. Pamoja na gari walikuja watu wawili. Usi alikuwa ndani ya lori. Hakunisalimu, na sikumlaumu, kwani uso wake haukuwa na damu.

Tangu saa ile baraza yangu ikawa tupu. Muuza kahawa alipita bila ya kugonga vikombe vyake. Wanafunzi wangu hawakuja, na wazazi wao hawakuleta udhuru.

Jana, Alkhamisi, Mabrouk aliifungua injini huku watu wale wawili wamekaa juu ya masanduku wakimtazama. Aliniomba nikae karibu naye, nami nikakaa. Alikitoa kifuniko cha juu cha injini, akaitoa valvu ya silinda ya tatu, akawaonyesha. Ukingo wake ulikuwa umeungua na kulika. Aliwaambia, "Hii haikuungua kwa siku moja, mabwana. Hii ni kazi ya miezi."

Valvu mpya haipatikani mjini. Alichukua moja kutoka katika injini mbovu iliyokuwapo uwanjani, akaipaka unga wa kusagia, akaisugua katika kikalio chake kwa kukipekecha kijiti baina ya viganja viwili. Kazi hiyo ilimchukua asubuhi yote. Kisha akamimina mafuta ya taa juu ya valvu ili aone kama yatapenya. Mmoja wa wale wawili akainuka.

"Nini hicho?"

"Mafuta ya taa, bwana. Nataka kujua kama pameziba."

"Yaonje."

Mabrouk alidhani ni mzaha, akatabasamu. Yule mtu hakutabasamu. Mabrouk akachovya kidole, akakitia mdomoni. Nilitazama chini. Nilipotazama tena, mafuta yalikuwa yametulia juu ya valvu, na hapakupenya hata tone moja.

Kiasi cha saa kumi injini ilifungwa na kuwashwa. Ilizunguka kwa utulivu. Fundi aliweka glasi ya maji juu ya boneti, na maji hayakutikisika. Alisahau kuogopa kwa muda ule. Niliona furaha usoni mwake. Aliwaambia, "Sikilizeni. Zote nne."

Yule aliyemwonjesha mafuta akasema, "Kumbe unajua sana."

"Ndiyo kazi yangu, bwana."

"Basi aliyejua kulitengeneza ndiye aliyejua kuliharibu. Ile dawa ya Jumanne, tuliyoambiwa ilitoka katika mrashi, nani aliitia?"

Mrashi ulikuwa ng'ambo ya njia, juu ya baraza yangu, nilikouacha tangu Jumanne. Mabrouk hakuutazama, wala hakunitazama mimi. Akasema, "Mimi. Nilikuwa peke yangu."

Nimewafundisha watoto kwa miaka arubaini kwamba sentensi isiyokamilika haina maana, na jana nilisimama pale bila ya kutamka hata nusu yake. Mabrouk alitaka kunawa mikono, wakamkatalia. Waliondoka naye katika gari lile lile alilolitengeneza, nalo lilikwenda bila ya kutetemeka.

Jana usiku Bi Mwanakheir alikuja kwangu. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mwalimu, ule mrashi wangu uko wapi?"

Nimekuja nao. Ndio huu hapa mezani. Haukuoshwa, na mafuta yaliyobaki yamo ndani. Naomba yanuswe, na atafutwe fundi yeyote aulizwe matumizi yake. Pia naomba iandikwe bayana kwamba Mabrouk Hasan alisema uongo jana, nao ndio uongo wake wa pekee ninaoujua. Hakumimina yeye. Mkono uliomimina ni huu ninaotilia sahihi.

Naogopa, na Sajini anaona kuwa naogopa. Hata hivyo, niliyoyaona na niliyoyatenda ndiyo haya, na sina la kuongeza.

(Sahihi) Msabah Khatibu Mjaka

Maelezo ya mwandishi: Nimemsomea shahidi maelezo yake yote, akasahihisha makosa yangu matatu ya maandishi, kisha akatia sahihi. Nilimshauri mara mbili aiondoe sehemu inayohusu mkono wake, kwa kuwa hakuna mtu aliyemtaja. Amekataa. Nimepokea mrashi mmoja, kichwa kimekatika, na nimeunusa mwenyewe: ni mafuta ya injini. Nimeandika hivyo katika kitabu cha vielelezo.

Wakati wa kutia sahihi walifika watu wawili wasio na sare, wakakaa benchi la nje. Hawakusema wanamngoja nani. Shahidi amewaona dirishani. Ameomba maji ya kutawadha kabla ya kutoka, nami nimempa.

Sajini Mcha Mkadam