Nimewaita Facebook, wamekuja na majembe

Justina, uko wapi? Nimeaibika mwenzio!

Si unajua leo ni zile mbio za baiskeli za kuchangia vitanda vya wazazi hapa zahanati? Mchungaji aliniambia nitafute watu wa kujitolea. Mimi na aibu zangu nikaandika Facebook, ili nisiongee na mtu: "Jumamosi njooni Dutwa mtusaidie kazi."

Nilitaka watu kumi tu, wa kushika bendera na kugawa maji.

Wamekuja arobaini. Na majembe! Na ngoma!

Wamefukia mashimo ya njia yote huku wanaimba. Nikafurahi. Walipomaliza wakakaa chini, kiongozi wao mzee Masunga akauliza, "Aliyetuita ni nani? Chakula kiko wapi?"

Chakula, Justina! Nilisahau kabisa kwamba kwetu ukiita watu kazini unawapikia.

Watu arobaini wananitazama MIMI. Mchungaji ananiambia, "Elina, wajibu wageni wako." Nikanyoosha kidole kwenye katoni za maji.

Naapa nilionyesha maji! Lakini nyuma ya maji alikuwa amefungwa mbuzi, zawadi ya mshindi wa mbio.

"Eeh, binti ana heshima huyu!" Mzee Masunga huyo, kisu mkononi.

Mbuzi yuko sufuriani. Mshindi ameshafika, dada mmoja wa Zagayu, jasho tupu, anauliza mbuzi wake. Mchungaji ananiita kwenye kipaza sauti nikamkabidhi.

Nimejificha huku jikoni. Nimempakulia paja zima. Niombee, natoka na bakuli.