Viazi vya Osmosisi

Zuhura, nimeumbuka leo.

Unakumbuka vile viazi vya osmosisi nilivyochonga jana? Nilivifunika kwenye kontena jikoni, ili asubuhi nibebe tu niende kufundisha.

Nimebeba. Sikufungua.

Kidato cha pili kimya, mkaguzi wangu kutoka chuo yuko nyuma na kalamu yake. Nawaambia, leo mtaona kwa macho yenu maji yanavyopenya utando wa seli kuifuata chumvi. Nafungua mfuniko.

Mvuke.

Mvuke, Zuhura. Mama Luqmani, mwenye nyumba wangu, kaamka alfajiri, kanihurumia, kanichemshia viazi vyote.

Nikajikaza. Nikasema kiazi kikichemshwa utando wake unakufa, hauchagui tena nini kipite, ndiyo maana tunakilinganisha na kibichi. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, kapenda kabisa. "Vizuri, mwalimu. Na kibichi kiko wapi?"

Kibichi kiko wapi. Mtoto mmoja wa mbele, Gervas, akasema taratibu, "Mwalimu, basi tugawane." Darasa zima likaangua kicheko, mkaguzi naye.

Narudia somo Alhamisi.

Nimerudi nyumbani nimejipanga kumwambia mama asiguse viazi vyangu tena. Kanipokea mlangoni, uso wote furaha. "Mwanangu, chumvi ilitosha?"

Nimemjibu ilitosha, asante mama.

Viazi vya Alhamisi nalala navyo chumbani.