Zana Mbili kwa Maelezo Yaleyale

Kwako Kaka,

Pokea salamu zangu, umfikishie wifi, na watoto uwaambie shangazi yao hajawasahau. Mwili wangu mzima, ila moyo umechafuka. Mama kikohozi kimemwisha na sauti imerudi, jana kanifokea kwa kuweka sufuria mahali pasipo pake. Sufuria zake siku hizi anazipapasa tu, maana mtoto wa jicho amekomaa.

Nimeona nakala ya malalamiko uliyoyapeleka kliniki ya macho. Umeandika kwamba dada wa mapokezi ni mzembe, na kwamba asipofukuzwa utafika mbali. Basi wamekusikia. Ameitwa kikaoni Ijumaa, na barua ya kumwachisha kazi imeshachapwa, inangoja sahihi. Nilimkuta kwenye kaunta yake akipanga mafaili vizuri ili atakayeshika nafasi yake asipate shida. Akaniuliza Mama anaendeleaje. Sikujua pa kuficha uso wangu.

Yule dada hana kosa, Kaka. Mama alipobanwa na kikohozi alimpigia simu, akaomba upasuaji usogezwe mbele wiki moja. Dada akaiandikia akili mnemba ya kliniki hivyohivyo, kwamba mgonjwa huyu asogezwe wiki moja. Kliniki ile ni mteja wa ofisi ninayofanyia kazi, kwa hiyo kumbukumbu zililetwa ofisini na nimezisoma kwa macho yangu. Mashine ikajibu kwamba tayari. Kumbe ilikuwa imeyafuta miadi yake kabisa. Nafasi akapewa mwingine, na Mama alipofika na mkoba wake wa nguo akaambiwa hayumo kwenye orodha, arudi baada ya miezi minne.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni ipi, ukanitania kwamba nalipwa kukodolea kompyuta macho. Akili mnemba haina mikono, Kaka. Hupewa zana, moja ya kutafuta jina, moja ya kusogeza miadi, moja ya kufuta, na kila zana huandikiwa maelezo mafupi. Mashine inachagua kwa kuyasoma hayo tu. Kazi yangu ni kuyapima na kuyapa alama, moja hadi tano: yanasema zana inafanya nini, itumike lini, isitumike lini. Zana ya kusogeza iliandikiwa kwamba huondoa miadi ya mgonjwa katika siku iliyopangwa. Ya kufuta nayo iliandikiwa vivyo hivyo, neno kwa neno, na majina yake yalikuwa namba tupu. Hakuna mahali palipoeleza kwamba moja humtafutia mgonjwa siku nyingine, na nyingine humtoa kabisa. Hata wewe na elimu yako ungebahatisha.

Utauliza yalipitaje. Ofisini kwetu kila maelezo hupimwa peke yake, kwenye ukurasa wake, eti tusipendelee. Ni kama kutazama chumvi leo na sukari kesho, bila kuonja, ukaandika kwamba zote ni nyeupe. Mwaka jana nilimwambia msimamizi kwamba zana zinazokaribiana zipimwe pamoja, tena zijaribiwe. Akanijibu kwamba sisi tunapima sentensi, hatupimi mashine. Leo maji yamezidi unga, yeye anasema kosa ni la mashine, na kliniki inasema kosa ni la mapokezi. Mnyonge hana haki, na wakubwa hawa walielewana kumtupia yule dada lawama, upesi kuliko nilivyowahi kuwaona wakielewana juu ya jambo lolote.

Nimewalaani wote hao wiki nzima. Juzi nikaufungua ukurasa wa zana ya kufuta, nipate jina la mpimaji niende nikamrarue. Jina lilikuwa langu. Maelezo yale niliyapa alama tano kati ya tano. Tena siku ile naikumbuka, Kaka, na hilo ndilo linaloniuma. Niliandika pembeni nikiuliza kama mgonjwa anapangiwa siku nyingine, kisha nikalifuta swali langu, kwa sababu ukurasa wenye swali hurudishwa, nami nilitaka kumaliza wa kwanza. Hakuna aliyenilazimisha.

Ijumaa nitaingia kikaoni na ukurasa huo. Huenda nikatoka sina kazi, na sitakuwa na wa kumlaumu. Wewe andika leo hii, uondoe malalamiko yako na umwombe radhi yule dada kwa maandishi, wayasome walewale waliokusikia mara ya kwanza.

Mama nimeshamwambia. Aliipapasa sufuria yake, akairudisha mahali pake. Kisha akasema miezi minne ya kupapasa ataibeba, maana amebebeshwa na mtoto wake mwenyewe, ila mtoto wa mwenzake asibebeshwe.

Nawasalimu tena nyote hapo nyumbani. Nijibu hata kama umenikasirikia.

Ni mimi mdogo wako,
Kidomo