Fiche 212 ya Kiwanja

Goma, 4 Machi 2024

Yaya Lévi,

Uko muzima? Watoto wanaendeleaje huko Kinshasa? Hapa mutaa wa Majengo sisi tuko. Goti la mama limepoa, anakusalimia.

Kituo cha afya cha Kiwanja wametutumia fiche, zile kadi za wagonjwa wao waliokimbilia huku. Nimeandika migration, ile faili ya kupanga upya base ya data. Mashine itamutambua mugonjwa kwa vitu viwili pamoja: kituo na namba ya fiche. Kila kituo kinaanza kuhesabu kutoka moja, kwa hiyo namba peke yake haitoshi.

Mudogo wako,
Apolline

Kinshasa, 6 Machi

Mudogo,

Habari ya goti la mama imenifurahisha. Sisi wazima, ila mvua imeingia mpaka chumbani.

Huo ufunguo wa vitu viwili uondoe. Framework yetu, ile programu inayotengeneza kurasa, inataka colonne moja tu ya kumutambua mutu, na yako itatusumbua kila ukurasa. Weka namba tu. Watu wa Kiwanja wapewe fiche mpya. Chef wa projet ni mimi. Usinibishie kama ulivyokuwa unamubishia papa.

Yaya wako,
Lévi

Goma, 19 Machi

Yaya Lévi,

Natumaini nyumba imekauka. Mama muzima.

Ulipoona sijibu, ulibadilisha wewe mwenyewe kutoka huko. Sasa sikiliza. Jana Mama Rosine wa Kiwanja alimuleta mutoto wake Munezero, ana homa. Fiche yake ni 212. Mashine ikafungua 212 ya kituo chetu cha Majengo, mutoto mwingine kabisa. Munezero akipewa penisilini anavimba koo. Hilo limeandikwa kwenye fiche ya Kiwanja, ambayo mashine yako iliikataa kwa sababu namba ilishachukuliwa. Hiyo fiche mpya unayosema ingekuwa tupu.

Infirmier Munyaneza alikuwa ameshavuta hiyo penisilini kwenye sindano, anasoma fiche kwa sauti. Mama Rosine akamushika mukono: "Huyo unayemusoma si wangu."

Nimerudisha ufunguo wangu. Kurasa ambazo framework ilizikataa nimeziandika mwenyewe, zinafunguka. Mot de passe ya kuingia kwenye base nimeibadilisha. Ukitaka kuufuta, panda ndege, uje ukae kwenye benchi ya dispanseri, umueleze Mama Rosine habari ya colonne moja.

Mudogo wako,
Apolline

Kinshasa, 2 Aprili

Mudogo,

Munezero yuko muzima?

Wakubwa wanataka nikutoe kwenye projet kwa sababu ya mot de passe. Nimewaambia wanitoe mimi kwanza.

Kituo cha Katindo kinaingia wiki ijayo. Nao wana 212 yao. Nitumie migration yako.

Yaya wako,
Lévi