Pacifique Abaki Kitahana

Kitahana,
Kibondo, Kigoma.
19 Oktoba 2025

Mpendwa kaka Ntirampeba,

Tarehe 9 Aprili tulimpoteza mdogo wetu Chantal. Siku ya kuondoa matanga nikapoteza na heshima yangu, uliposema mbele ya ukoo kwamba mimi wa darasa la nne siwezi kumlea mwanawe Pacifique, na kwamba Krismasi utakuja kumchukua umpeleke Mwanza.

Hamjambo huko? Kifua cha wifi kimepoa? Sisi wazima. Mvua imeanza, maharage tumeshapanda.

Sasa sikia, kaka. Mwezi uliopita walikuja zahanati watu wanaopima wazazi na walezi wanaelewa kiasi gani mambo ya afya ya watoto wadogo. Tulikuwa thelathini na wawili, mume wangu Cadet akiwemo. Kila tulipoulizwa kama tunaelewa, tuliitikia "ego, ego." Mgeni utamwambiaje hapana? Basi sote tukapata alama zote!

Bahati nzuri walikuwa na Winifrida, Muha mwenzetu wa Kasulu. Alicheka mpaka akakaa chini. "Jamani, mnaniitikia kama mko kanisani! Maneno basi, nataka kuona mikono." Akafuta yote, akatuita mmoja mmoja. Hii dawa ya maji, mpimie mtoto wa mwaka mmoja. Hii pakiti ya chumvi ya mtoto anayeharisha, ikoroge. Mtoto akipumua hivi, unangoja asubuhi au unaondoka sasa hivi?

Nimepata kumi na saba kwa ishirini, kaka. Cadet kumi na nne, na mpaka leo anabisha kwamba kijiko ndicho kilikuwa kibaya. Maswali mawili niliyokosa ni ya kusoma karatasi ya dawa iliyoandikwa Kiingereza. Siku hizi ananisomea binti yangu Gentille. La tatu, tarehe ya dawa kuisha muda, nimeshajifunza.

Pacifique mwenyewe Aprili alikuwa na kilo saba na robo. Juzi kliniki, tisa na nusu. Anatembea, na Cadet anamwita baba.

Nyumba anayolala nimeijenga kwa kuuza mawese. Sikukuomba hata bati moja.

Msalimie wifi Antoinette na watoto wote. Mungu awape afya na riziki isiyokatika.

Ila nijibu wazi kabla ya Ijumaa, tarehe 7 Novemba. Usinitumie mtu, piga simu mwenyewe. Mtoto abaki kwangu, au asibaki?

Dada yako, nakupenda hata nikiwa na hasira,
Dorcas