Kipa Mmoja kwa Mwaka

Bell Prairie, Minnesota
Juni 24

Mjukuu wangu Solveig,

Hujambo? Mama yako hajambo? Joto la Colorado halijawakausha? Mimi mzima, mgongo tu unalalamika kila nikipalilia bustani.

Nimefurahi mno kusikia kwamba Kocha Delaney amekuahidi nafasi ya kipa chuoni kwake, pamoja na ufadhili wa miaka yote minne. Sasa mvumilie mwalimu mstaafu akueleze jambo. Ahadi ya kiangazi ni ya mdomo. Karatasi hutiwa saini Novemba. Katikati hapo hakuna kinachomfunga yeye wala wewe isipokuwa neno, na ndiyo maana neno hilo ni zito. Timu ya chuo ina washambuliaji wengi, lakini kipa huchukuliwa mmoja kwa mwaka. Ukiwaacha makocha wa vyuo vingine wanaokutaka wakikungoja, kuna msichana mahali fulani anakosa nafasi kwa sababu yako. Waandikie wote leo hii. Washukuru, waambie umeshapata pako.

Babu yako,
Orrin

Julai 9

Babu yangu,

Za huko? Sisi wazima, mama anakusalimu sana na anauliza kama unakula.

Nimewaandikia wote. Tess, beki wetu, alinichungulia nikiandika. "We Solveig, una akili kweli? Unawafukuza wote na hujatia saini popote?" Nikamwambia ndivyo alivyonifundisha babu yangu. "Basi babu yako aje akudakie mipira!"

Kocha Delaney alipiga simu jana. "Wewe ndiye kipa wangu," alisema, "lala usingizi." Nimeweka picha mtandaoni nikiwa na fulana ya chuo, kama wanavyofanya wote, na tangu hapo makocha wengine hawanitafuti tena. Ni raha ya ajabu, Babu, kujua unakokwenda.

Mjukuu wako,
Solveig

Novemba 11

Babu,

Kwa mwili sijambo. Natumaini nawe hujambo.

Ni wiki ya kutia saini. Shuleni wamepanga meza yenye keki, wenzangu wanapigwa picha na wazazi wao. Mimi sina cha kutia saini. Delaney amechukua kipa anayehama kutoka chuo kingine, mtu mzima, mwenye uzoefu. Nikamuuliza, "Na mimi je?"

"Ungekuwa mimi ungefanya hivyo hivyo, binti. Sina ubaya na wewe. Hii ni kazi."

Nikamuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu Septemba. Septemba, Babu! Na kila baada ya mechi yangu alikuwa akinitumia salamu, ananiita kipa wangu, kipa wangu.

Nimewarudia makocha niliowaaga. Wote wameshapata. Mmoja amejibu kwa upole kwamba alingoja kidogo, labda ningebadili mawazo. Tess hanitanii tena, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Wewe uliniambia niwaandikie siku ile ile.

Solveig

Desemba 3

Mjukuu wangu mpenzi,

Salamu kutoka kwenye theluji. Nina afya, lakini usingizi sina.

Mtu huyo amekudanganya, na mimi ndiye niliyekusukuma ubaki mikono mitupu. Sitalizunguka hilo kwa maelezo.

Karibu na hapa kuna chuo kidogo, Saint Odile. Hakitoi fedha kwa ajili ya mpira, hutoa kwa masomo, na alama zako zinatosha kabisa. Kocha wa wasichana ni Marlys Beck, niliyemfundisha historia. Nilimwalika tunywe kahawa.

"Mwalimu," akasema, "nina kipa kutoka mji wa Duluth. Nilikuwa nimpe jibu Ijumaa."

Nikamweleza habari zako. Akakoroga kahawa mpaka ikapoa. "Na akiitwa na chuo kikubwa, si ataniacha?"

"Hawezi. Mjukuu wangu akisema, amesema."

Akacheka. "Mwalimu, huyo ni yeye au ni wewe?"

Amekubali. Yule wa Duluth ataambiwa hapana. Mpigie Marlys wewe mwenyewe, asikie sauti yako.

Babu yako,
Orrin

Januari 5

Babu mpenzi,

Heri ya mwaka mpya! Mgongo vipi?

Nimezungumza na Kocha Marlys na nimemwambia ndiyo. Hakuniuliza urefu wangu wala nimedaka mipira mingapi. Aliuliza ni mpira gani unaonitia hofu. Nikamwambia ule wa chini unaodunda karibu yangu. Akasema, "Vizuri, tutaanzia hapo." Nimelia baada ya kukata simu, ila si kama Novemba.

Nimekusamehe, nadhani.

Mjukuu wako,
Solveig

Juni 2

Babu,

Uhali gani? Sisi wazima.

Yule kipa wa Delaney amepata timu ya kulipwa Ulaya, ameondoka. Delaney alipiga simu. Nafasi ni ile ile, ufadhili ule ule, lakini alitaka jibu hapo hapo. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza.

Najua alivyo. Lakini ndiko nilikotaka tangu nina miaka kumi. Kocha Marlys sijamwambia. Nimejaribu, sijui nianzie wapi. Ataona mtandaoni.

Wewe ulinifundisha neno, Delaney akanifundisha linavyotumika. Ni yupi kati yenu aliyenifikisha chuo kikuu?

Solveig

Agosti 30

Solveig,

Natumaini umefika salama na chumba chako kinapitisha hewa. Mimi nipo.

Marlys aliona mtandaoni, kama ulivyosema. Nilipomfuata alikuwa uwanjani, anamvisha glavu msichana ambaye hajawahi kusimama golini. Nilisubiri anipigie kelele. Aliniuliza tu, "Mwalimu, alikuambia?" Nikasema ndiyo, ulinieleza. Akasema, "Angalau wewe alikuambia," akarudi kumpigia yule mtoto mipira ya chini. Wa Duluth ameacha kucheza, nasikia. Anafanya kazi kwenye duka la baba yake.

Hukumwibia mtu kitu kinachoshikika, na hakuna sheria uliyovunja. Mimi niliyezoea kueleza kila kitu sina la kukueleza hapa.

Mechi yako ya kwanza nitakuja, kwa sababu wewe ni mjukuu wangu. Jumamosi nyingine zote nitakuwa Saint Odile, nyuma ya goli lao. Yule mtoto anafungwa sana, na hana wa kumpigia makofi.

Babu yako,
Orrin