Mvule Wangu na Vinundu Vyake

Jumatatu, 3 Machi 1997
Nina miaka themanini na moja. Nimezika wake wawili, ndugu zangu wote na machifu watatu. Mzungu aliyenifuta kazi kule Lugari alikufa zamani. Mimi bado natafuna mahindi ya kuchoma.
Nimekama. Nimefagia chini ya mvule. Majani mengi tena. Matawi ya chini yamejaa vinundu, kama vidole vya mtu wa baridi yabisi. Vingine vimepasuka, vinanuka. Sipendi.

Jumanne, 4 Machi
Sikulala. Mti huu niliupanda mwaka wa Uhuru. Siku hiyo pombe ya busaa ilinipanda kichwani, nikatangaza mbele ya watu: mvule huu na mimi tutakauka pamoja. Mdomo huu wangu. Wengine wanasahaunga. Mukabana wa posho mill hasahau. Leo amepita akauliza, "Mzee, mwenzako anatangulia ama anakungoja?"
Nimecheka. Naogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimechanganya dawa ya kupe kwa pampu. Kwa vinundu nimeona vidudu vyeusi, vidogo kuliko sisimizi, vina mabawa. Nikasema hawa ndio wachawi wangu. Kabla sijapuliza, ametokea Nekesa, msichana anayesomea wadudu kule msituni. Suruali. Amenishika mkono. Mimi, mkono!
Ati hao ni nyigu. Wanataga mayai ndani ya yule mdudu anayefurisha majani, watoto wao wanamla. Ananiita guga, yaani babu: "Guga, unataka kuua askari wako?" Lakini ati wanapenda juu, kwenye jua. Huku kivulini ni wachache. Lazima apande aone kama kileleni wako. Kama hawako, mti una shida.
Nimekataa. Kwetu mwanamke hapandi mti, utakauka.
"Kupanda kwa jembe ama kwa ngazi?"
"Yote mawili!"
"Basi panda wewe, guga."

Ijumaa, 7 Machi
Nimepanda. Hakuna kijana hapa anaweza kunishinda. Goti limegoma njiani. Nimeshuka nikasema ni upepo. Hakukuwa na upepo.

Jumapili, 9 Machi
Akipanda, mti ukakauka, nimekufa. Asipopanda, sijui kama nitapona. Sikusikia mahubiri hata neno moja.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekubali. Boma ni langu, mwiko nikiufungua umefunguka. Mukabana ameshika ngazi, macho amefumba kwa adabu. Mimi nimegeukia zizi. Matawi yanalia, moyo unalia.
Ameleta vitawi. Vya chini: vinundu vimepasuka kama maganda ya maharagwe. Hapo mdudu ametoka mzima, ameshinda. Vya katikati, mchanganyiko. Vya kileleni havijapasuka, lakini vingi vina tundu moja dogo, kama la sindano. Hapo ametoka nyigu. Mwenye nyumba ameliwa.
"Juu unashinda, guga."
Maneno tu. Nimechukua vinundu vya kileleni visivyo na tundu, nimeviweka kwa chupa, nimefunga kitambaa. Nitaona mwenyewe atakayetoka.

Jumamosi, 15 Machi
Chupa kimya. Tawi lingine la chini limekauka. Nimemwambia Mukabana anitafutie mbao za sanduku. Hakucheka. Hiyo ndiyo imenitisha. Nimechukua pampu, nimeirudisha, nimeichukua tena. Nekesa ananisumbua kichwani. Nimeirudisha.

Jumanne, 18 Machi
Wametoka! Weusi, wenye mabawa, wale wale. Wa kufurisha majani hakuna hata mmoja. Nimefungua kitambaa nje, wakaenda.

Jumapili, 30 Machi
Pasaka. Mvua imekuja. Kileleni kuna majani mapya, laini, hayana nundu. Chini bado ni mbaya, na goti pia. Dawa ya kupe nimepulizia ng'ombe. Nimekula ingokho, kuku wa sikukuu, nimelala mchana.
Mwanamke amepanda mvule wangu na hakuna aliyekauka. Mukabana alikuwa hapo. Kwa bei ya kusaga ni mwongo, lakini kwa hili atasema kweli.